Mpima Maziwa Aliyejimalizia Foleni Yake Mwenyewe

Umempita. Usitafute maneno ya kujitetea. Umepita barabara inayotoka Eldoret kwenda mji mdogo wa Ziwa asubuhi, ukaona watu sitini wamesimama na mitungi ya maziwa mbele ya kibanda cha mabati, na mwanamke wa koti jeupe amepanda juu ya jiwe anarusha mikono hewani. Ukadhani ni mhubiri. Ukapandisha kioo cha gari.

Wengine wenu ni wanachama wa ushirika huo huo. Ng'ombe wenu wanakamuliwa na watu wengine, nanyi mko mjini, mitaa ya Pioneer na Yamumbi, mnangoja simu ilie kwamba pesa ya maziwa imeingia. Arafa ya malipo mnaisoma mara mbili. Arafa ya mkutano mnaifuta.

Basi leo teremsha hicho kioo, usikie.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya mahindi, na mitungi inagongana kwenye foleni. Christabel Aketch, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, anatumbukiza laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea kuonyesha kama maziwa yametiwa maji. Anainama, anasoma. Anachanganya matone machache na spiriti kwenye kikombe kidogo, anakitikisa, anakiangalia kwenye mwanga kuona kama yanaganda.

"Safi. Mimina," anamwambia mwenye mtungi. Halafu, bila kuvuta pumzi, anarudi alipokuwa ameachia. "Sasa ile nyota nyekundu mliiona mkienda kukamua. Mwanga uliotua kwa macho yenu leo ulianza safari zaidi ya miaka mia tano iliyopita."

"Mia tano?" anauliza Mzee Kipkirui, mfugaji wa ng'ombe sita na maswali yasiyohesabika. "Kwa hivyo nyota yenyewe inaweza kuwa imekufa?"

"Inaweza, Mzee."

"Na sisi bado tunaiona?"

"Bado."

Mama mmoja aliyeketi juu ya mtungi wake, Chelimo, anapiga makofi. "Kumbe ni kama mheshimiwa! Aliondoka kitambo, na bado picha yake iko kwa ukuta."

Foleni nzima inaangua kicheko. Christabel naye anacheka hadi anaweka kikombe chini, kisha analipanda jiwe, kwa sababu sehemu tamu ndiyo inafika.

Jiwe hilo lina historia, na hapa kuna watu wasiosahau. Ni jiwe la msingi. Liliwekwa mwaka wa 2012, katika msimu wa kampeni, kwa ajili ya maktaba ya vyumba vitatu yenye kompyuta. Mbuzi wanane walichinjwa. Wanafunzi waliimba juani saa tatu wakimsubiri mgeni. Mgeni alifika, akapaka saruji kwa mwiko uliofungwa utepe, akapigwa picha, akaondoka. Kati ya vitu vyote vya maktaba ile, jiwe ndilo pekee lililofika.

"Nilisema haliwezi kukaa bure," anasema Christabel. "Kama vitabu havikuja, angalau maneno yaje."

Maneno yamekuja kwa miaka sita sasa. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili, huku akipima maziwa ya Ushirika wa Chego, mwanamke huyu huzungumza juu ya mambo ambayo ungelipa kiingilio kuyasikia hotelini. Ameeleza jinsi chanjo inavyoufundisha mwili kumtambua adui. Ameeleza kwa nini mvua imebadilisha tabia. Ameeleza mashine zinazojifunza, zile ambazo mjini watu wanazitaja kwa Kiingereza na kifua mbele bila kujua zinafanyaje kazi.

Siku hiyo ya mashine alimgeukia Mzee Kipkirui. "Mzee, unajuaje ng'ombe anaumwa kabla daktari hajafika?"

"Namuona tu vile anatembea."

"Ulisoma kwa kitabu?"

"Kitabu gani? Nimeona ng'ombe tangu nizaliwe."

"Haya. Mashine nayo inaonyeshwa ng'ombe. Si mia mbili kama wewe. Milioni. Inaambiwa huyu mgonjwa, huyu mzima, mpaka inaanza kujua yenyewe."

Mzee alifikiri kidogo. "Lakini haijawahi kupigwa teke."

"Hapo umeishinda," Christabel alikubali, na watu wakampigia Mzee makofi kama mshindi wa mbio.

Hakuna chuo kikuu kilichomtoa mwanamke huyu. Alizaliwa upande wa Ziwa Viktoria, akaletwa Eldoret mtoto mdogo baba yake alipopata kazi kwenye kiwanda cha nguo. Kazi hiyo iliisha Christabel akiwa kidato cha tatu. Alimaliza cha nne kwa harambee mbili na mchango wa kanisa, akapata alama ya B, na hapo ngazi ikakatika. Aliosha vyombo hotelini. Aliuza mboga. Kisha akapata mafunzo ya wiki sita ya kupima maziwa. Mshahara wake leo ni shilingi elfu kumi na nane na mia tano kwa mwezi, na kila siku hamsini kati ya hizo huenda kwa bando za intaneti.

Fizikia aliisoma katika kitabu alichookota, kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo.

"Hadi leo sijui fizikia inaanzia wapi," anasema. "Mimi nilianza ukurasa wa arobaini na moja."

Mihadhara yenyewe ilianza na kibuyu. Asubuhi moja, miaka sita iliyopita, Mzee Kipkirui alifika kituoni amenuna. Mursik, maziwa yanayogandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, ilikuwa imekataa kuganda nyumbani kwake. Si kibuyu kimoja, vitatu. Katika boma la Kikalenjin hilo si jambo dogo. Wageni walikuwa njiani. Mzee alimlaumu mkewe kwamba hakuosha vizuri. Mke akasema kibuyu kimeangaliwa na jirani mwenye jicho baya. Jirani huyo alikuwa Chelimo, mjane, aliyepita hapo kuomba moto.

"Kijiji kizima kiliambiwa macho yangu yamefunga maziwa," anakumbuka Chelimo. Leo anacheka akisimulia. Wakati ule alikuwa akienda kisimani saa saba mchana, jua likiwaka, ili asikutane na mtu.

Christabel aliuliza swali moja tu.

"Mzee, kuna ng'ombe ulidunga sindano wiki hii?"

"Mmoja. Kiwele ilikuwa imefura."

"Na maziwa yake ulichanganya na ya wengine?"

Mzee alikubali kwa kichwa.

Hapo, mbele ya watu kumi na wawili, mpima maziwa mwenye asili ya ziwani aliwaeleza Wakalenjin kuhusu mursik yao. Kwamba ndani ya kibuyu kuna vijidudu vidogo, visivyoonekana, ambavyo ndivyo vinavyogandisha. Kwamba dawa ya sindano haichagui. Inaua vijidudu vya ugonjwa, na ikibaki kwenye maziwa inaua na vya kibuyu. Ndiyo sababu daktari wa mifugo husema maziwa hayo yamwagwe kwa siku kadhaa, wala mtu asiyanywe wala kuyauza.

"Kibuyu chako hakijarogwa, Mzee," alimaliza. "Kibuyu chako ni maabara. Kimekupa majibu."

Jioni hiyo Mzee Kipkirui alikwenda kwa Chelimo na kilo mbili za sukari na maneno ambayo mzee wa umri wake huwa hayatoi kirahisi. Tangu hapo wafugaji wengi wa kituo hicho, wakimtibu ng'ombe, hungoja siku alizosema daktari, kisha hugandisha kidogo kwenye kibuyu cha pembeni ili wajihakikishie. Kituo kilikuwa kikirudisha mitungi tisa kwa mwezi kwa sababu ya mabaki ya dawa. Siku hizi miezi miwili inapita bila hata mmoja.

Haya ndiyo maziwa yaliyo kwenye chai yako hapo mjini. Kunywa, lakini ujue nani alisimama juu ya jiwe ili uyanywe.

Baada ya kibuyu, watu walianza kuja na maswali, na Christabel akatunga kanuni yake. Aliona anayekuwa wa mwisho kwenye foleni hukaa sana na hulalamika sana. Ili kumfariji, akatangaza kwamba mwenye mtungi wa mwisho ndiye atakayechagua mada ya kesho.

Lilikuwa kosa, na halingetokea kokote ila hapo. Watu walianza kugombea mwisho.

"Nafika na lori, nakuta kituo kimenyamaza," anasimulia Lawrence, dereva wa lori la tangi linalobeba maziwa. "Nauliza, leo hakuna maziwa? Madam ananionyesha kwa mahindi. Naangalia, naona vichwa. Watu wazima wamejificha shambani na mitungi, kila mtu anangoja mwenzake atoke kwanza!"

"Mimi nilikuwa nimejificha kwa sababu ya mambo ya mwezi," Mzee Kipkirui anajitetea. "Nilitaka kuuliza ni nani anaushikilia. Huyu Chelimo alikuwa anataka udongo, kila siku udongo."

"Na nilishinda," anasema Chelimo.

"Ulishinda kwa sababu ulilala kwa mtaro."

Kugombea huko kuligharimu. Siku moja lori lilichelewa kwa saa mbili, na lita mia nne zikafika zimechacha. Christabel alipewa barua ya onyo, ya kwanza na ya pekee katika kazi yake. Hakukana. Alisimama juu ya jiwe akaisoma barua yote kwa sauti, kisha akabadilisha kanuni. Wa mwisho ni yule atakayekuwa wa mwisho kengele ya saa moja ikilia. Atakayefika baada ya kengele amepoteza nafasi. Shamba la mahindi likapata amani.

Lakini kosa lake kubwa, kama ni kosa, ni lile la mwaka huu.

Kwa wiki tatu mfululizo alizungumza juu ya mashine ya kupima maziwa. Ukiweka maziwa kidogo, katika sekunde arobaini inakuambia maji kiasi gani, mafuta kiasi gani. Haijui wewe ni mtoto wa nani wala haichukui kitu kidogo. Alieleza vizuri, kama kawaida yake. Alieleza vizuri mno. Wafugaji walikwenda kwa kamati wakaidai, kamati ikainunua, na Jumatatu iliyopita ikawashwa kwa majaribio ya siku moja.

Foleni iliyokuwa ikichukua saa mbili na nusu iliisha kwa dakika arobaini na tano.

"Nilikuwa bado kwa utangulizi," anasema Christabel. "Nilipanda kwa jiwe, nikageuka kuanza ile sehemu tamu, nikaona mbuzi wawili."

Anacheka, na kicheko chake ni cha kweli. Halafu anainua laktomita yake ya zamani, anaipangusa na pindo la koti, ingawa ni safi.

"Sijutii mashine. Ningejutia ningekuwa muongo. Nimewaambia watu miaka sita kwamba kesho ikija na kitu kizuri waipokee. Sasa imekuja, nianze kulia kwa sababu imenikuta mimi? Ila sikufikiria kwamba foleni ndiyo ilikuwa ukumbi wangu."

Kazi yake iko salama. Yeye ndiye atakayeisimamia mashine. Kinachokufa ni foleni, na pamoja na foleni, mihadhara. Mtu aliyemaliza kupimiwa hasimami kwenye baridi kusikiliza habari za nyota. Ana ng'ombe, ana shamba, ana watoto wa kupeleka shule.

Kuna mahali pa kuiokoa, na mahali hapo ni hatua thelathini kutoka kwenye jiwe. Ni stoo ya zamani ya ushirika. Ilijengwa mwaka wa 1987, na kila mwanachama alitoa gunia moja la mahindi. Mwaka ule mvua haikuwa nzuri, na bado walitoa. Akina mama walibeba mawe kutoka mtoni. Leo ndani mna viti vilivyovunjika miguu na popo. Paa ni zima. Kuta ni nzima.

Christabel ameiomba. Anaitaka siku moja tu kwa wiki, Alhamisi saa nane mchana, kazi za asubuhi zikiwa zimeisha na za kukamua jioni hazijaanza. Ukuta mmoja upakwe rangi nyeupe ili picha zionekane. Mabenchi atayatengeneza mume wake, Austine, fundi wa kuchomelea vyuma kule Yamumbi, bila malipo ya kazi.

"Na si mimi peke yangu nitaongea," anasema. "Nataka muuguzi aje atueleze sukari inafanya nini mwilini. Nataka fundi wa pikipiki za umeme aje na betri aifungue mbele yetu. Chelimo tayari ameandaa mambo yake ya udongo, na mimi nitakaa pale nyuma nimuulize maswali magumu."

"Uliza tu," anasema Chelimo. "Mimi naogopa nini? Nilishaitwa mchawi."

Kuna mwingine anayeitaka stoo hiyo. Ni mfanyabiashara wa michezo ya kubashiri mpira, aliye tayari kulipa kodi ya elfu ishirini na tano kwa mwezi. Mwenyekiti wa ushirika, Johnstone Kipkorir, hafichi kwamba pesa hiyo inamvutia.

"Mimi si adui wa Madam," anasema. "Hata yale mambo ya chanjo ni kwake nilielewa. Lakini kodi ni kodi. Na nilimwambia kwa utani, hapo pia watu watakuwa wanatabiri mambo ya kesho, si ni karibu sawa?"

Christabel alimjibu papo hapo, mbele ya kamati. "Tofauti, Mwenyekiti, ni kwamba kwangu ukikosea unaelezwa sababu."

Kamati ilicheka, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Lakini kicheko hakipigi kura.

Kura ni Jumamosi hii, kwenye mkutano mkuu. Na hapa ndipo unapoingia wewe. Ushirika wa Chego una wanachama mia sita na arobaini. Katiba yake inasema mkutano usipopata watu mia mbili waliokaa, kamati inaamua peke yake. Mwaka juzi walifika sabini na mmoja. Mwaka jana themanini na wanane, kumi kati yao wakiondoka kabla ya chai.

"Nikose kuamua kwa sababu wenye mali wamelala?" anauliza Kipkorir, na hana makosa kuuliza. "Walete watu mia mbili. Wakisema stoo ni ya Madam, mimi mwenyewe nitampa ufunguo."

Christabel hana gari wala kipaza sauti. Amekuwa akienda boma hadi boma baada ya kazi, kwa miguu, akiandika majina ya watakaokuja. Kufikia jana alikuwa na majina mia moja na thelathini na manne. Wote ni wale wanaokamua wenyewe. Wasiopatikana nyumbani ni nyinyi wa mjini. Amewapigia. Simu inaita mpaka inachoka.

Leo, Ijumaa, ndiyo siku ya mwisho ya mihadhara ya foleni; kesho ni mkutano. Jumatatu mashine inaanza kazi rasmi. Jana asubuhi, kengele ya saa moja ilipolia, aliyekuwa wa mwisho alikuwa Mzee Kipkirui, na safari hii hakujificha. Watu walimpisha mmoja mmoja, wakamwachia mwisho kwa heshima. Hata Chelimo.

"Haya, Mzee," Christabel alisema. "Ni ile ya mwisho. Unataka mwezi?"

Mzee alivua kofia. "Mwezi nilishaelewa. Mimi nina miaka sabini na minne. Niambie hapa patakuwa namna gani miaka hamsini ijayo. Sitakuwako. Nataka tu kujua nawaachia watu nini."

Christabel aliangalia kikombe chake cha spiriti muda mrefu kuliko maziwa yalivyohitaji.

"Hiyo ni kubwa, Mzee. Haiingii kwa foleni."

"Basi itaingia wapi?"

Alinyoosha kidole kwenye stoo.

Ndivyo ilivyopangwa. Jumamosi saa tatu asubuhi, kabla ya mkutano wa saa nne, Christabel Aketch atasimama mlangoni pa stoo na kumjibu Mzee Kipkirui. Anaandaa tangu jana, amejaza daftari nusu. Ikiwa watu mia mbili watakaa, anatumaini kumalizia jibu hilo Alhamisi ijayo, ndani, ukuta ukiwa umeshapakwa rangi. Wasipokaa, jibu la swali la Mzee litakuwa limeshatolewa, na si yeye atakayekuwa amelitoa, ni nyinyi msiokuja.

Sasa wewe. Gunia lililojenga ukuta ule lilikuwa la mama yako. Alilibeba mgongoni mwaka ambao hamkushiba, na hakukuambia. Usimlipe kwa kufuta arafa. Chukua simu sasa hivi, mpigie ndugu yako, mpigie yule jirani wa Pioneer mwenye ng'ombe watatu kwa shemeji. Mwambie Jumamosi, saa tatu, aje na kitambulisho. Kama huna hisa Chego, unamjua aliye nayo. Mbebe kwa gari lako, hilo lenye kioo.

Mia moja na thelathini na wanne wameshasema watakuja. Vimebaki viti sitini na sita. Kimoja ni chako. Njoo ukikalie.